Mwezi wa Shemeji

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba

Shemeji amenunua darubini.

Naandika tena nione kama itauma kidogo. Shemeji amenunua darubini. Wapi! Inauma vile vile.

Alipanda nayo paani kwetu jua lilipozama, ameibana kwapani kama mkate. Anaishi jengo la ng'ambo ya ua, tena lina paa lake, lakini eti paa lake linapigwa na taa za barabarani. Letu lina tangi la maji linaloziba taa. Kwa hiyo amekuja kutamba kwetu. Huyu ni kaka wa mke wangu. Daktari wa meno. Mtu analipwa kuchungulia mashimo meusi kutwa nzima, na jioni bado hajatosheka!

Wote wakapanda. Mke wangu. Binti yetu, ana miaka tisa. Mama mkwe, anayekaa kwa huyo Daktari, na tangu mwanawe amtengenezee meno mapya anatabasamu hata kwa kamba za nguo. Daktari akageuza ndoo, akaiweka darubini juu yake. Kidude kifupi chekundu. Nikacheka kimoyomoyo. Akaeleza kwamba kwa darubini cha kutazama ni upana wa kioo chake, si urefu wa bomba wala namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi. Nani kamuuliza?

Binti alipiga ukelele. Mwezi una mashimo! Mke wangu akamwambia kaka yake kwamba kweli yeye ana mambo. Mimi nimemwoa miaka kumi na miwili. Sijawahi kuwa na mambo.

Nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, nyuma ya mama mkwe aliyerudia mara mbili. Kwanza niliona kope zangu mwenyewe. Nikasema naam, mashimo yale pale. Kisha nikauona mwezi kweli, na kwa bahati mbaya ulikuwa mzuri sana. Lakini umepinduka! Nikatangaza kwa sauti kwamba shemeji kauziwa mali mbovu, inaonyesha kitu kichwa chini miguu juu. Akacheka. Akasema darubini nyingi za kutazamia nyota ndivyo zilivyo, na huko angani hakuna juu wala chini. Watu wakaguna kwa kustaajabu. Hata mimi nusura nigune.

Ndipo nikampata. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yangu ni maneno. Nikamwambia kwa upole kwamba samahani sana shemeji, darubini ni neno la mitaani. Neno sanifu ni hadubini. Akanishukuru, akasema hilo hakulijua. Mama mkwe akalijaribu kwa meno yake mapya, ha-du-bi-ni, akalipenda. Jioni nzima wakawa wanasema hadubini. Nililisikia wapi sikumbuki, lakini lina mlio wa kisomi.

Jumapili, tarehe 6 Oktoba

Msiba wakati wa chai ya asubuhi.

Mwalimu wa binti anatafuta mzazi au ndugu wa mwanafunzi atakayelionyesha darasa mambo ya angani, Jumamosi ijayo jioni. Binti akasema atamtaja mjomba. Mimi nilikuwa nimepiga magoti chini ya meza, namfunga kamba za viatu.

Nikauliza, huko huko chini, kwa nini si baba. Akafikiri. Akajibu kwa sauti ya mtu anayemwonea mwenzake huruma kwamba, baba, wewe una nini cha kuonyesha?

Ningeweza kumtajia mengi. Nilikosa hata moja. Kwa hiyo nikasema baba analeta hadubini. Kubwa kuliko ya mjomba. Akaacha kutafuna. Akauliza kweli? Nikasema kweli. Akanirukia shingoni na mkono wenye siagi.

Ameshamwambia mwalimu kwa simu ya mama yake: mwonyeshaji ni baba. Siagi ipo kwenye kola ya shati. Shati hili halifuliwi.

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba

Nimekwenda dukani baada ya kazi. Duka lile la karibu na benki, linalouza miwani, vifaa vya maabara na vya kuonea mbali. Muuza duka ni mtu mpole mno. Wapole ndio wanaochosha.

Nikamwambia nataka ya kutazamia nyota, kubwa. Akaniuliza nakaa wapi. Mjini. Ghorofa ya ngapi? Ya tano. Lifti ipo? Ipo, imekufa. Nina gari? Nina miguu. Akasema basi nisijitese. Mjini mwanga ni mwingi, nyota hafifu zimemezwa, lakini mwezi na sayari vinaonekana bila shida, na darubini nzuri kwa anayeanza ni ile anayoweza kuibeba peke yake kila jioni bila kununa. Akainama chini ya kaunta. Akaja na kidude kifupi chekundu.

Ile ile! Ya Daktari! Hata alama ya kiwandani ile ile!

Nikasema hii siitaki. Akauliza ina kasoro gani. Sikuweza kumwambia kasoro yake, kwamba ina shemeji. Nikamwonyesha ile iliyosimama dirishani, nyeupe, ndefu kuniliko, juu ya miguu mitatu. Akasema hiyo ni nzito, na miguu yake inatikisika hata ukipiga chafya. Nikamwambia mimi sipigi chafya ovyo. Nikaibeba nimwonyeshe. Hatua tatu nzuri sana. Ya nne mguu mmoja wa stendi ukanasa mlangoni, nikageuka kuunasua, na nyuma yangu bomba likafagia rafu nzima ya miwani ya jua.

Hakunifokea. Aliokota tu, moja moja, akiniambia pole. Nimetoka nikiwa nimevaa miwani moja ambayo sijui ilinifikaje usoni. Nimerudi kuirudisha. Aibu mara mbili.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Siku mbili sijalala vizuri. Daktari yupo paani kila jioni. Kelele zao zinashuka hadi chumbani. Oooh! Aaah! Mwezi ni ule ule wa jana, oooh ya nini?

Hila ya kwanza: kufua. Nimetoka kazini mapema, nikafua mashuka yote ya nyumba, mapazia na blanketi la wageni, nikayaanika kwenye kamba zote za paani kuanzia ukuta hadi tangi. Daktari akija akute ukumbi umejaa. Mgongo wangu umevunjika, lakini roho imetulia.

Akaja. Nilisimama kwenye ngazi nikisikiliza. Kisha nikamsikia anamwambia dada yake kwamba mumeo ni mtu wa ajabu, amefikiria jambo lisilompitia yeye kichwani: mashuka yamezuia mwanga wa lile bango la matangazo! Sasa upande wa mashariki uko giza totoro. Wameiona Zohali na pete yake! Binti alilia kwa furaha. Mama mkwe akasema pete hiyo ni ndogo kuliko yake ya ndoa.

Daktari akashuka kunishukuru kwa kunishika mikono miwili. Mke wangu naye amefurahi kupita kiasi. Amesema hakujua kama najua kufua vizuri hivi. Kuanzia sasa mashuka ni kazi yangu.

Kazini leo nimesahihisha kitabu cha sayansi cha shule ya msingi, sura ya mwezi na nyota. Mwandishi ameandika darubini kila mahali. Darubini, darubini, kama mpiga debe. Nimekata zote kwa wino mwekundu, nikaweka hadubini. Mpangaji kurasa, dada mmoja mtulivu wa meza ya pili, akaniuliza kama nimetazama kamusi. Nikamwambia kamusi ni ya wanaobahatisha. Tena kamusi ya ofisi ndiyo inayoshikilia feni yangu. Nikiitoa, feni inaanguka.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Nimeagiza!

Dukani sirudi, uso wangu wanaujua. Nimemtumia muuza duka ujumbe kwa simu ya mke wangu. Yangu namba yake alishaiandika Jumatatu, nilipomwachia akadirie hasara ya miwani. Nikaandika hivi: nataka hadubini, ya kubebeka, yenye kukuza kuliko zote ulizonazo.

Akajibu karibu dada. Nikaupokea udada, sina muda. Akauliza kama nina uhakika ni hadubini ninayotaka. Ndiyo haya sasa! Muuza vifaa, na neno sanifu linamshtua! Nikamjibu kwamba anayemwandikia ni msahihishaji wa lugha na anajua anachokisema. Akaomba radhi.

Akasema anayo moja inayokuza mara elfu moja. Elfu! Ya Daktari hata mia mbili haifiki, kwa kauli yake mwenyewe. Nikauliza inabebeka? Akasema ina sanduku lake lenye mpini, mtoto anaibeba. Nikauliza tena, isije ikawa hila. Mtoto anaibeba. Na inakuja na taa yake. Taa ya nini sijui, nyota nadhani zina taa zao, lakini ya Daktari haina taa. Na vipande vya vioo vya kuwekea unachotaka kukitazama. Hapo nilisita kidogo. Nyota unaiwekaje kwenye kioo? Nikaona maswali mengi ni ushamba. Nikalipa kwa bakshishi yangu ya mwaka mzima. Nikafuta ujumbe wote.

Nimepita karibu na Daktari ngazini, nikampigia mluzi. Akapiga na yeye. Anapiga mluzi vizuri kuliko mimi.

Jumamosi, tarehe 12 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Mzigo uliletwa saa kumi. Sanduku dogo, zuri, mpini wake wa ngozi. Juu ya karatasi imeandikwa HADUBINI kwa herufi kubwa. Mke wangu akashangaa udogo wake. Nikamwambia mambo ya leo yote yanakwenda yakipungua. Akanisihi nilifungue nijifunze kwanza, watoto wasije wakanikuta natapatapa. Nikakataa. Zawadi haifunguliwi jikoni. Nilitaka lifunguliwe mbele ya watu, mbele ya Daktari hasa.

Jioni darasa zima likapanda paani, na mwalimu wao na filimbi shingoni. Binti alikuwa amevaa gauni lake la rangi ya machungwa. Alinishika mkono tangu mlangoni, akawa anawaambia wenzake mmoja mmoja, huyu ndiye baba. Sijawahi kutambulishwa vile hata siku ya harusi yangu.

Daktari alikuja na kidude chake kimefungwa taulo. Akiba, akasema. Nikamwambia shemeji, akae tu, apumzike. Nikamkalisha nyuma ya tangi.

Nikatazama juu. Mawingu! Anga lote kama sufuria iliyofunikwa. Wala mwezi, wala nyota, wala alama ya nyota. Watoto wakaanza kuguna. Mimi nikacheka. Nikawatangazia kwamba vidude vya kawaida leo vingeshindwa, lakini hii inakuza mara elfu moja. Hii inapita mawingu kama sindano. Nikakata utepe. Nikafungua.

Ndani mlikuwa na kitu kimeinamisha shingo. Kina kimeza kidogo. Chini yake kitaa. Nikakitoa, nikakizungusha nikitafuta mbele yake ni wapi. Hakina mbele! Nikakiinua kuelekea mawingu, nikaweka jicho. Giza. Nikawasha taa. Nikaona jicho langu, au kitu kinachofanana na jicho langu. Watoto wakangoja. Binti akangoja kuliko wote.

Mwalimu akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini kwamba tutatazama nini. Nikasema mwezi. Akanena kwa upole ule anaoutumia, nadhani, kwa watoto waliojilowesha. Akasema hadubini ni ya kutazamia vitu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, kama vijidudu. Ya kutazamia nyota inaitwa darubini.

Nilisikia tone la maji likianguka ndani ya tangi. Maneno ni kazi yangu. Nikamwangalia binti. Alikuwa ameanza kuachia mkono wangu, kidole kimoja kimoja. Nikatamani paa lipasuke nishuke nalo hadi ghorofa ya kwanza.

Daktari akakohoa. Akainuka kutoka nyuma ya tangi. Nikajua nimekwisha, sasa ananimaliza. Akawaambia watu kwamba shemeji yake aliona mapema kuwa leo kutakuwa na mawingu, akamnong'oneza ngazini kwamba ataleta hadubini badala yake, ila amependa kuwatania kidogo kwanza. Kisha akanikonyeza.

Wakacheka! Wakapiga makofi! Binti akarudisha vidole vyote.

Hata uongo wa kuniokoa kauwahi yeye.

Yaliyofuata nayaandika kwa sababu yalitokea. Mke wangu akaleta kitunguu. Mwalimu akabandua ngozi yake nyembamba, akaiweka kwenye kipande cha kioo, nasi tukaona vijumba, maelfu, vimepangana kama matofali ya ukuta. Watoto wakapiga mayowe kuliko yale ya mwezi. Kisha tone la maji kutoka kwenye tangi letu. Kuna kitu kinaogelea mle! Kina mkia! Mama mkwe alitazama, akauliza kama ndiyo maji tunayompikia chai, akaenda kukaa peke yake. Watoto walipanga foleni, wakazunguka, wakapanga tena. Binti alisimama kando yangu akiwa msimamizi, akiwaambia wasisukumane, hadubini ni ya baba. Alilisema mara nyingi. Hadubini ni ya baba. Hadubini ni ya baba.

Wakati wa kulala alinikumbatia, akasema amefurahi mjomba hakuchaguliwa.

Ingepaswa kuwa jioni bora ya maisha yangu. Lakini lile wazo la maji ya tangi, nani alilitoa? Daktari. Nimelikumbuka nikipiga mswaki, usingizi ukaruka.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Nimekimbia kazini kabla ya wote. Nikatoa kamusi. Feni imeanguka. Kamusi inasema kile kile alichosema mwalimu, tena kwa maneno machache zaidi.

Zile kurasa! Nikashuka mtamboni mbio. Zimeshachapwa. Vitabu vimepangwa kwenye ukuta hadi dirishani, na katika kila kimoja, ukurasa wa tano kushuka, binadamu anautazama mwezi kwa hadubini.

Mkuu akaniita. Nilianza kumweleza kwamba mpangaji kurasa wakati mwingine huchoka macho. Mpangaji kurasa alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika kurasa zenye wino wangu mwekundu. Alizigeuza tu, moja baada ya moja, kama anayempepea mtu.

Adhabu: vikaratasi vimechapwa, kila kimoja neno DARUBINI, nami nitavibandika kwa gundi juu ya kila kosa katika kila kitabu. Mpangaji kurasa amejitolea kunisaidia. Vyake vinakaa sawa. Vyangu vinapanda juu. Mkuu alipita, akasifu mkono wake. Nikajikaza kisabuni.

Jumatano, tarehe 16 Oktoba

Vidole vyangu vinashikana kwa gundi, ndiyo maana mwandiko ni huu.

Nyumbani hadubini imeteka meza ya kulia. Binti amekwisha kutazama chumvi, sukari, manyoya ya mto, kucha yangu. Kila akiona kipya ananiita mimi kwanza. Baba, njoo. Baba, njoo tena. Jana nilitazama bawa la nzi hadi chai ikapoa. Mke wangu alisimama nyuma yetu, akaweka mkono begani kwangu, akauacha pale. Sina malalamiko. Ila kila nikitazama dirishani namwona Daktari anavuka ua, kidude chekundu kwapani, anasalimiwa na kila mtu. Daktari, leo kuna nini juu? Daktari, tupitie tutazame! Mimi hakuna anayeniuliza kuna nini chini.

Leo akaingia. Ameleta kikopo kidogo, ndani mna utando aliokwangua kwenye meno ya mgonjwa. Akauliza kama binti angependa kuona vijidudu vya mdomoni. Wakatazama wawili, vichwa vimegusana. Akasema hadubini hii ni nzuri mno, angekuwa na kitu kama hiki nyumbani asingelala. Akatania kwamba angeibadilisha na darubini yake hata leo.

Nikasema tumekubaliana.

Akasema alikuwa anatania. Nikasema mimi sitanii. Akamtazama dada yake. Dada yake akanitazama mimi kwa jicho lile. Akasema binti ndiye mwenye kuitumia. Nikasema mwenye mali ni baba. Nikaifunga sandukuni mwenyewe, nikamkabidhi mlangoni, nikavuka naye ua, nikarudi na darubini. Ni nyepesi! Inakaa kwapani kama mkate!

Binti alikuwa bado mezani. Nikamwambia sasa tunayo ile ya mjomba. Akasema yeye alitaka ya baba. Nikamweleza kwamba ya baba ndiyo hii sasa. Akakusanya mabawa yake ya nzi, akaenda chumbani.

Sikumwelewa. Watoto hawajui thamani ya vitu.

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba

Jioni tulivu. Anga safi, wingu hata la dawa hakuna. Mwezi haujachomoza. Nimefua mashuka, nimeyaanika upande wa bango, giza zuri. Nimegeuza ndoo. Nimeweka darubini juu. Nimewaita watu.

Hakuna aliyepanda. Mke wangu kasema amechoka. Binti kaomba ruhusa ya kwenda kwa mjomba. Mama mkwe yupo huko huko. Majirani nao, kila mlango niliogonga, nimeambiwa wameenda ng'ambo ya ua, kwa Daktari, kutazama vijidudu vya midomo yao wenyewe. Mke wangu naye, baada ya kuchoka kidogo, nimemwona anavuka ua na sahani ya karanga.

Nimekaa peke yangu. Nikaitafuta Zohali, nikaipata mara ya kwanza, bila msaada wa mtu. Pete ile pale. Ndogo, safi, imekaa kama imechorwa kwa kalamu nyembamba. Nikasema oooh. Nikageuka nimwite mtu. Mashuka.

Basi nikashusha darubini taratibu. Kutoka nyotani hadi paa la ng'ambo. Kutoka paani hadi ghorofa ya tatu, dirisha la sebuleni kwa Daktari. Nikazungusha hadi ikatulia.

Darubini nzuri jamani. Alikuwa sahihi, upana wa kioo ndio kila kitu. Naona karanga. Naona hadi meno ya mama mkwe. Namwona mke wangu anamcheka kaka yake, hakika ana mambo. Namwona binti na gauni la machungwa, amesimama kando ya hadubini anapanga foleni, midomo inakwenda. Nimejua anachosema. Hadubini ni ya mjomba. Wote wapo kichwa chini, miguu juu, wananing'inia kutoka kwenye sakafu yao kama popo, na bado wana furaha kuliko mimi.

Nimetazama mpaka jicho likatoa machozi. Ni baridi ya kile kioo cha kuwekea jicho.

Kisha nikajua la kufanya. Ni jambo dogo tu, sijui kwa nini halikunijia mapema. Mke wangu ameacha simu yake mezani. Nimemtumia ujumbe muuza duka. Hadubini, ya kubebeka, inayokuza kuliko ile ya kwanza. Mara elfu mbili, kama ipo.

Amejibu sasa hivi. Dada, una uhakika?

Nimemwambia anayemwandikia ni msahihishaji na anajua anachokisema.